Mussa Alipoanza Kuwa na Adabu

Kwa miaka mingi Mwalimu Wilbroad alianza siku yake kwa kutukanwa. Akishaamka na kumpelekea mama yake uji, alivaa kofia yake ya pama, akavuka barabara ya vumbi ya Mtendeni na kwenda barazani kwa Mussa muuza asali ili atukanwe. Siku asipotukanwa alirudi nyumbani mnyonge, na mkewe Leonia alijua bila kuuliza kwamba Mussa amekwenda Sikonge kununua asali.

"Mpagazi huyo anakuja!" Mussa angepaza sauti Wilbroad akiwa bado katikati ya barabara. "Shusha mzigo upumzike. Babu yako alibeba pembe mpaka Bagamoyo, shingo ikazama kifuani. Ndiyo maana na wewe huna shingo."

"Kimya, mtumwa," angejibu Wilbroad huku akivuta kigoda. "Nani kakuruhusu kusema? Babu yako tulimnunua kwa kipande cha chumvi ya Uvinza, na chumvi yenyewe ilikuwa imelowa."

Basi wangecheka mpaka madumu ya asali yatikisike, kahawa ikamiminwa, na ndipo yangeanza mazungumzo ya kawaida: bei ya tumbaku, mafuta ya taa ya zamani, magoti, watoto wasiopiga simu.

Kama hukulelewa katika utani, utadhani hawa walikuwa maadui. Wilbroad ni Mnyamwezi wa upande wa Nzega. Mussa ni Mzaramo, ingawa yeye na baba yake wote walizaliwa hapa hapa Tabora, na pwani yenyewe ameiona mara za kuhesabu. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani na kupita katika nchi ya wenzao. Waligombana wee, mwisho wakaelewana, na maelewano yakawa haya: tutukanane tutakavyo, lakini hakuna kukasirika. Mtani anaweza kukuchukulia kuku bandani mchana kweupe. Anaweza kumwambia mkeo kwamba alipokubali kuolewa nawe alikuwa na homa. Huruhusiwi kununa. Na kwa kuwa hakuna kosa, hakuna kuombana radhi pia, maana mtani akikuomba radhi amekwambia kwamba safari hii alikusudia.

Wilbroad alifika Tabora akiwa mwalimu kijana wa Kiingereza na historia, hamjui mtu, sanduku moja mkononi. Wa kwanza kumsemesha mjini alikuwa Mussa, na neno la kwanza lilikuwa tusi. Alisikia lafudhi yake tu akamwambia, "Wewe, mbona umekuja bila pembe?" Wilbroad alicheka pale barabarani peke yake mpaka machozi yakamtoka, kwa sababu tangu ashuke kwenye gari hakuna aliyemwona kama mtu. Toka hapo wakawa ndugu. Mussa ndiye aliyemtafutia nyumba. Mussa ndiye aliyekwenda naye kuposa kwa kina Leonia, Mwislamu mmoja katikati ya Wakatoliki, akawaambia wazee kwamba wanamtoa binti yao kwa kijana mwenye kichwa kigumu lakini mabega mazuri.

Kisha Wilbroad akastaafu. Hakuna anayekwambia kabla kwamba kustaafu ni kunyang'anywa sauti. Alikuwa na Kiingereza kizuri, cha kunyooka, na hakuna aliyekitaka. Wajukuu walikuwa na Kiingereza chao cha simu. Jioni alisoma magazeti ya zamani kwa sauti, na Leonia akawa anajifanya anasikiliza.

Ndiyo maana wale wanafunzi walipokuja, akapagawa.

Walikuwa wanafunzi wa chuo kimoja cha Uholanzi, kundi dogo, wamekuja na mwalimu wao kufanya utafiti juu ya urithi wa mji wa Tabora na njia ya misafara. Walitaka kuona makumbusho ya Kwihara, boma la Wajerumani, stesheni ya reli, milango ya kuchongwa, na zaidi ya yote walitaka kuongea na watu wenye kumbukumbu. Walihitaji mkalimani, mtu mzima anayeijua mitaa. Afisa mmoja aliyewahi kufundishwa na Wilbroad akataja jina lake.

Kwa majuma kadhaa mzee akawa kijana. Alinyoosha shati kila asubuhi, akatembea mbele ya kundi kama anapeleka darasa zima kwenye mashindano. Alipenda hasa msichana mmoja aliyeitwa Femke, mrefu, mwenye madoadoa usoni, ambaye alijifunza Kiswahili huko kwao na alikisema polepole, akikanyaga kila neno kwa tahadhari. Alikuwa na adabu ya kweli, anawaamkia wakubwa shikamoo, anakaa chini mkekani bila kushurutishwa. Na alikuwa na kitu ambacho Wilbroad alikikosa kwa muda mrefu: alimsikiliza.

Siku ya Mtendeni akawapeleka moja kwa moja barazani kwa Mussa. Alitaka kumringishia, na Mussa alijua kwamba ameletewa watu ili aringishiwe.

"Alaa! Mpagazi leo amebebeshwa Wazungu!" Mussa akapiga makofi. "Wazito hawa kuliko pembe?"

Wilbroad akavimba kwa furaha. Akawaambia wageni waketi, akamwelekeza Mussa kwa kidole, akasema kwa sauti ya darasani, "Huyu mnayemwona, babu yake alinunuliwa hapa hapa, kwa chumvi. Mpaka leo hatujarudishiwa chenji."

Mussa akacheka. Wapita njia wakacheka. Wanafunzi wakamtazama mkalimani wao, na mkalimani akatafsiri neno kwa neno, kwa Kiingereza kile kilichonyooka. Hawakucheka. Femke alisogeza kinasa sauti karibu.

"Ni kweli, Mwalimu?" aliuliza.

Hapa ndipo palipoharibika, na aliyepaharibu hakujua. Mnyamwezi yeyote akiulizwa na mtu, mbele ya mtani wake, kama tusi alilotoa ni kweli, jibu ni moja tu. Huwezi kusema, "Hapana, natania." Ni kama kumvua mwenzako nguo na kisha kusema samahani. Utani ukiuelezea unakufa papo hapo. Kwa hiyo Wilbroad alikunja uso, akaweka mkono kifuani.

"Kweli kabisa," alisema. "Muulize mwenyewe."

"Mwongo mkubwa," akasema Mussa akiwamiminia asali kwenye vijiko waonje. Wote wakaendelea kucheka, na mazungumzo yakahamia kwenye mizinga na misitu. Walipoondoka, Wilbroad angeweza kumwambia Femke njiani kwamba yale yalikuwa utani wa kabila na kabila. Hata hakumbuki kama lilimpitia akilini. Samaki haelezi maji, na yeye tangu azaliwe alikuwa ndani ya maji hayo.

Baada ya siku chache Wilbroad alivuka barabara kama kawaida akisubiri tusi lake. Mussa alikuwa anafunga kizibo cha dumu. Aliinua macho.

"Habari za asubuhi, Mwalimu," alisema.

Wilbroad alisimama. Akadhani ni mbinu mpya, kwamba mwenzake ameamua kumtania kwa adabu. Akaangua kicheko. "Leo mtumwa amefundishwa salamu!"

Mussa alitabasamu kidogo, akamsogezea kiti. Si kile kigoda. Kiti cha wageni, chenye mgongo, kilichokaa ndani siku zote. Akamuuliza habari za Leonia, habari za mama, kisha akasema ana kazi kidogo nyuma. Wilbroad alikunywa kahawa peke yake, na njiani kurudi bado alikuwa anasubiri kuitwa mpagazi mgongoni.

Mwisho wa utafiti, wanafunzi waliandaa siku ya kuwaonyesha watu wa mji yale waliyoyapata. Waliazima ukumbi, wakatundika mabango yenye picha, maandishi ya Kiswahili juu na Kiingereza chini. Wakaalikwa wenyeviti wa mitaa, walimu, masheikh, mapadri, na wote waliohojiwa. Wilbroad alivaa suti aliyoivaa kwenye ubatizo wa mjukuu. Mussa alikuja na kanzu nyeupe, akaketi mstari wa mbele mahali alipopangiwa.

Bango la Mussa lilikuwa kubwa kuliko mengine. Picha yake ilikuwa nzuri sana, amekaa kati ya madumu, mwanga umempiga shavuni. Chini iliandikwa kwamba babu yake aliletwa Tabora na msafara akiwa mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake, kwamba mama na mtoto walinunuliwa hapa, na kwamba ukoo wake unatumia kabila la Mzaramo aliyewanunua kwa sababu hakuna anayejua kabila lao la asili.

Watu wa nyuma, waliosoma nusu, walianza kucheka. "Mpagazi katuandikia mpaka ukutani!" mmoja alisema. Kisha wakamaliza kusoma. Kicheko kilikatika kidogo kidogo, kama redio inayoishiwa betri. Sheikh mmoja alijifanya anatafuta miwani. Kila mtu akawa anatazama popote isipokuwa kule mbele.

Wilbroad aliacha kiti chake. Alimfuata Femke pembeni, akamwambia kwa Kiingereza kwamba ule ulikuwa utani, mchezo, mchezo wa wazee, hakuna chochote cha kweli mle, na amemwaibisha mtu mbele ya mji mzima.

Femke aligeuka mwekundu. "Lakini nilikuuliza kama ni kweli," alisema. "Ukasema kweli kabisa, nimuulize mwenyewe. Nikarudi kumuuliza. Nikamwambia wewe umethibitisha. Akanieleza yote, hata yale ambayo wewe hukusema. Nilimwuliza kama naweza kuandika, akasema andika, kama Mwalimu ameshasema."

Miaka yote ile Wilbroad alikuwa akirusha jiwe gizani kwa mchezo, na kumbe kulikuwa na mtu.

Mwenyekiti wa mtaa, ambaye alitaka kuokoa mambo, akauliza kwa sauti kama mzee Mussa ana la kusahihisha. Mussa alisimama. Hakuonyesha hasira yoyote.

"Hakuna la kusahihisha," alisema. "Nimeyasema mimi mwenyewe. Vijana wamefanya kazi nzuri."

Akaketi, akangoja mpaka shughuli ikaisha, akala pilau, akashukuru. Femke aliling'oa bango kabla ya chakula na kulikunja, akilia waziwazi, lakini simu zilikuwa zimeshapiga picha. Jioni ile lilikuwa limeshazunguka kwenye makundi ya mtaa mzima. Wiki iliyofuata wanafunzi wakaondoka na treni, na Femke alimkumbatia Wilbroad stesheni. Wilbroad hakumchukia. Angependa sana kumchukia, ingekuwa nafuu.

Usifikiri watu wa Mtendeni walimcheka Mussa. Afadhali wangemcheka. Walianza kumwangalia kwa uangalifu. Watani wake wengine, Wasukuma wauza mchele na yule mama wa Kinyamwezi mwenye genge, waliokuwa wakimtukana kila wanapopita, sasa walimpungia mkono na kusema, "Shikamoo, mzee Mussa." Walidhani wanamhurumia. Kila shikamoo ilikuwa tofali, na wakamjengea ukuta huku wanatabasamu.

"Nenda kamwombe msamaha," Leonia alisema.

"Mtani haombi msamaha."

"Basi nenda kamtukane."

Alikwenda. Alijaribu kweli. Alisimama mbele ya baraza akasema, "We mtumwa," na sauti ikamsaliti katikati ya neno, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani alisikia maana yake. Mussa alimletea kile kiti chenye mgongo. Akamuuliza habari za nyumbani. Wilbroad alikaa akiwa ameshika kofia mapajani, akiona mtego wote ulivyokaa. Akitukana, anamchoma mtu kwenye kidonda. Akiomba radhi, anakiri kwamba miaka yote ile alikuwa anakusudia, na kwamba hapakuwa na utani hata siku moja. Akinyamaza, ndiyo hivi walivyo. Alijaribu kunywa kahawa ikamshinda, akaaga kama mgeni.

Na mama yake akaanza kumuuliza.

Bibi Yustina alikuwa mzee sana, miguu imemkataa, anaishi chumba cha uani na rozari yake. Kiswahili alikuwa amekiacha pole pole, akarudi kwenye Kinyamwezi cha utotoni, isipokuwa alipokuja Mussa. Mussa alikuwa na desturi ya kuingia bila hodi, kusimama mlangoni na kumwambia, "Mama, bado tu hufi? Jembe langu limeota kutu kwa kukusubiri!" Bibi angecheka mpaka akohoe, amtukane kwa lugha zote mbili, na siku hiyo angekula vizuri.

"Mtumwa wangu yuko wapi?" aliuliza sasa kila asubuhi. "Amekufa kabla yangu?"

"Yupo, mama. Ana kazi."

"Mwambie mimi nakwenda. Aje aniudhi kidogo."

Na kweli alikuwa anakwenda. Uji alikuwa anaurudisha. Daktari alikuja, akasema ni uzee, akasema wampe anachopenda. Anachopenda kilikuwa ng'ambo ya barabara kikifunga vizibo vya madumu.

Wilbroad alivuka, akasimama mbele ya Mussa bila kukaa. "Mama anakuita," alisema. "Hali si nzuri. Hajui chochote cha yaliyotokea. Njoo kama ulivyokuwa unakuja. Si kwa ajili yangu."

Mussa aliacha alichokuwa anafanya. "Nitakuja," alisema. "Mama yako ni mama yangu."

Alikuja alasiri ile ile, na chupa ya asali nyeupe, ile nzuri isiyouzwa. Alipiga hodi. Hiyo hodi tu Wilbroad aliisikia mpaka kwenye mifupa. Aliingia, akavua viatu, akapiga goti kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

Bibi Yustina alifungua macho, akamtazama muda. "Marahaba," alisema. "Wewe nani?"

"Mimi Mussa, mama."

"Mussa yupi?"

"Mussa wa asali."

Bibi alimpapasa usoni kwa vidole vyake vikavu, pua, ndevu, paji la uso. Kisha akaurudisha mkono kwenye rozari. "Mussa ninayemjua mimi hana adabu," alisema. "Huyu mmenitolea wapi?"

Wilbroad alimwona Mussa akivuta pumzi. Alimwona akifungua mdomo, na kwa kitambo kidogo sura yake ya zamani ikamjia, lile jicho moja kufinywa kabla ya tusi. Sema, Wilbroad alimwomba kimoyomoyo. Sema chochote. Mussa akafunga mdomo.

"Pumzika, mama," alisema. "Mungu akupe nafuu."

Alitoka haraka, na uani alisimama kidogo akiwa ameegemea ukuta, ameipa nyumba mgongo. Wilbroad hakuthubutu kumfuata. Chumbani mama yake alikuwa anauliza kwa Kinyamwezi kwa nini wamemletea mtu asiyemjua amwamkie, je, ni mtu wa kutoka kanisani?

Bibi Yustina alifariki kabla mvua hazijaanza. Ndugu walikuja kutoka Nzega na Igunga, mahema yakafungwa, kwaya ya parokia ikaimba. Watani nao wakaja, kama inavyotakiwa. Mgogo mmoja aliingia kwenye mstari wa waombolezaji amevaa kitenge cha marehemu, anatembea kwa kigongo na kulalamikia uji baridi. Wazaramo wawili waliotoka stesheni walikaa kwenye mlango wa jikoni wakawazuia watu wasile mpaka wao wapewe kuku. Watu walilia na kucheka kwa wakati mmoja, jinsi inavyopasa watu wa huku kuzika. Mussa alikuwepo tangu asubuhi. Alikaa kwenye viti vya wanaume, kimya, tasbihi mkononi, akiitikia pole.

Makaburini, jeneza lilipofika ukingoni, mambo yalisimama. Yule Mgogo na wale Wazaramo wa stesheni walirudi nyuma. Wote walijua nafasi ile ni ya nani. Kila msiba wa nyumba ya Wilbroad, hapo ndipo Mussa alipojitosa shimoni, akalala chali chini kaburini na kusema kaburi hili limeshakaliwa, mpagazi apelekwe mahali pengine, mpaka wamwombe na kumpa chochote, na huku nyuma wafiwa wanapata kucheka kidogo kabla ya kufukia. Padri alisubiri. Alikuwa mwenyeji, anajua. Waliobeba jeneza walisubiri na kamba mikononi. Macho yote yakamgeukia Mussa.

Mussa aliinama, akachota udongo kwa mkono wake wa kulia, akasimama akiutazama kiganjani, akisubiri jeneza lishuke ili autupe kama watu wengine.

Padri akaendelea na sala.

Watu walipoanza kurudi nyumbani, Wilbroad alibaki, na Mussa alibaki kuja kumpa mkono wa pole. Wilbroad aliushika ule mkono na hakuuachia. Alikuwa amechoka. Alikuwa amemzika mama yake kimya kimya kama mtu asiye na watani, na hakuwa na cha kulinda tena.

"Mussa," alisema, "nisamehe."

Mussa alitazama viatu vyake vyenye udongo.

"Unajua," alisema mwishowe, "baba yangu aliniambia yale mambo mara moja tu, akiwa mgonjwa. Akaniambia nisimwambie mtu. Nikaanza kuogopa watu. Halafu ukaja wewe na sanduku lako. Kila asubuhi ulikuwa unanitukana kwamba mimi mtumwa, na kila ulipolisema neno lile, lilikuwa linakufa. Maana likishakuwa utani si kitu tena. Nilikuwa nacheka kwa kupona, Wilbroad, si kwa kuchekeshwa tu. Na zaidi ya hapo. Unanitukana kwa sababu gani? Kwa sababu mimi Mzaramo. Mnyamwezi mzima anavuka barabara kila siku kuja kunitukana kwa kuwa mimi Mzaramo. Basi nikawa Mzaramo. Sikuwa na ushahidi mwingine. Uzaramo wangu wote ulikuwa mdomoni mwako."

"Wewe ni Mzaramo," Wilbroad alisema. "Ni mtani wangu."

"Yule binti alikuja akaniuliza, akasema Mwalimu amethibitisha. Najua sasa hukukusudia. Nilijua hata siku ile, baada ya hasira kupoa. Lakini nilikuwa nimeshasema kwa mdomo wangu. Mimi si Mzaramo. Sijui ni nani. Sasa nikija nikalala kwenye kaburi la mama, nalala kama nani?"

Wilbroad alitaka kusema maneno mengi. Alikuwa mwalimu wa historia na alijua kwamba nusu ya mji ule imetoka kwa watu wasiojua walikotoka. Lakini hakuna neno lililokuwa na uzito wa kutosha. "Nisamehe," alirudia.

Mussa aliuweka mkono wake wa pili juu ya mkono wa Wilbroad, kwa upole, jinsi mtu anavyomshika mkono mkwe au kiongozi wa dini.

"Nimekusamehe, Mwalimu," alisema. "Toka moyoni, Mungu ni shahidi. Sina kinyongo nawe hata kidogo. Pole sana kwa msiba."

Akaondoka taratibu, akipita kati ya makaburi bila kukanyaga lolote. Leonia alikuwa anamsubiri mumewe getini, akaja kumchukua.

"Amesemaje?"

"Amenisamehe," alisema Wilbroad.

"Tumshukuru Mungu," alisema Leonia. Lakini mumewe alikuwa ameshakaa chini kwenye ule udongo mbichi na suti yake yote, analia kwa sauti, kilio ambacho hakukitoa hata jeneza lilipokuwa linashuka, na waliokuwa njiani waligeuka, wakahuzunika naye, wakasema kumbe mzee alimpenda sana mama yake.